Gari la Nyumbani: Breki Zinazokwisha Kabla ya Siku Zake

Gari la jamaa si chombo cha anasa. Hapa Arua na Koboko ndilo linalopeleka watoto shuleni, mgonjwa hospitalini na magunia ya muhogo sokoni. Mwenye gari akitia pedi mpya za breki, kisha baada ya miezi michache akasikia chuma kikisuguana na chuma, hasara hiyo huingia mpaka jikoni, kwa kuwa fedha ya karo na sukari huishia gereji. Na hasara ya fedha ndiyo ndogo. Pedi zinazokwisha upesi ni dalili ya ugonjwa. Anayezibadilisha bila ya kuutafuta ugonjwa wenyewe ni sawa na mtu apigaye deki sakafu huku paa linavuja.

Tuanze na njia zetu. Barabara itokayo Vurra, kupitia Arua na Koboko mpaka Oraba, ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Zamani mashimo ndiyo yaliyomlazimisha dereva kwenda polepole. Leo hukimbia, hukanyaga breki kwa nguvu mbele ya tuta, kisha hukimbia tena. Ijulikane kwamba mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Gari lisimamishwalo kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa huzitia breki joto mara nne kuliko lile lisimamishwalo kutoka kilomita 40. Basi aondoe mguu kwenye mafuta mapema, alikaribie tuta taratibu. Mwenda pole hajikwai.

Vile vile kuna miteremko. Kutoka Arua mpaka Pakwach, penye mto Nile, njia hushuka zaidi ya mita 500. Dereva aliyeweka mguu juu ya breki muda wote huo huziunguza pedi, na mafuta ya breki yakichemka, kanyagio huzama bila ya gari kusimama. Ashuke kwa gia ndogo, injini ilizuie gari. Hata gari lenye gia za kujibadilisha lina nafasi ya gia ya chini kwa kazi hiyo. Na mzigo usizidi kiasi, kwani gari lililotengenezwa kwa watu watano halikupewa breki za lori.

Ikiwa mwendo ni mzuri na pedi bado zinakwisha, yatazameni magurudumu yenyewe. Pedi za pande zote mbili zikiwa zimelika sawasawa, sababu huwa ni dereva, mzigo, au pedi mbovu. Zikiwa zimelika za gurudumu moja tu, au pedi moja imekwisha na mwenzake bado nene, basi kuna kitu kilichokwama.

Mara nyingi kilichokwama ni kalipa, yaani kile chuma kinachozibana pedi kwenye sahani. Kalipa nyingi za magari madogo huteleza juu ya pini mbili. Vumbi letu jekundu likiingia kupitia mpira uliopasuka, grisi hukauka, pini hushika kutu, na pedi hubaki imegusa sahani hata mguu ukiondolewa. Askari analielewa jambo hili vizuri: bunduki isiyosafishwa hukwama, na breki ni hivyo hivyo. Dawa yake ni kuzitoa pini, kuzisafisha, kutia grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, na kubadilisha mipira iliyopasuka. Grisi ya kawaida na petroli zisitumike hapo, kwa sababu huharibu mpira.

Mtihani wake ni mwepesi. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yatiwe mawe, gia iwe huru. Inueni gurudumu moja kwa jeki, wekeni kigingi imara chini ya gari, kisha kanyageni breki na kuiachia. Gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likiwa zito, fundi alegeze skrubu ya kutolea hewa. Likifunguka papo hapo, pengine ule mpira wa kupitishia mafuta umevimba ndani, unazuia mafuta yasirudi. Likibaki zito, kosa limo ndani ya kalipa yenyewe. Kwa magurudumu ya nyuma, tazameni pia waya wa breki ya mkono kama unarudi sawasawa.

Kuhusu pedi za kununua, wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Pedi bandia huweza kuwa laini zikaisha haraka, au ngumu mno zikaila sahani, ambayo ni ghali zaidi. Badilisheni za pande zote mbili kwa pamoja, na msingoje zifike kwenye chuma. Unene ukibaki milimita 3, wakati umefika. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Mafuta ya injini yasitiwe humo kamwe, kwani huvimbisha mipira yote. Na vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala karibu na watoto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kazi ikiisha, kanyagio likanyagwe mara kadhaa mpaka liwe gumu, kabla gari halijasogea hata hatua moja. Wengi husahau jambo hili, na gari hutoka gereji likaingia ukutani.

Wenzetu wa Kongo na Sudani Kusini huendesha upande wa kulia, nasi upande wa kushoto. Karibu na Vurra na Oraba dereva huweza kukutana ghafla na mgeni aliyesahau upande wake, au mtoto akakimbilia mpira barabarani. Hapo hakuna nafasi ya kumwita fundi. Kwa hiyo baba, mama, na kijana anayejifunza kuendesha, tengeni saa moja mwishoni mwa juma hili, mkayazungushe magurudumu yote manne kwa mkono. Lile lililo zito ndilo linalokula fedha ya nyumba, na ndilo la kutengenezwa kwanza.