AFYA YA JAMAA: Homoni ya Kukua Isipohesabiwa Sawasawa

Mzazi mwenye mtoto anayeugua figo hupatwa na huzuni mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wenyewe. Ya pili ni kuona wenzake mtoto wakirefuka, naye amebaki palepale. Damu yake hupelekwa maabara ili zipimwe homoni za kukua, na hapo ndipo penye hatari ya kudanganyika.

Tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya kukua. Hiyo huliamuru ini litoe homoni ya pili, iitwayo IGF-1, inayohimiza mifupa kurefuka. Dalili za kuwapo kwake zilionyeshwa mwaka 1957 na William Salmon na William Daughaday wa Marekani. Lakini IGF-1 haitembei peke yake. Karibu yote hushikwa na protini maalumu katika damu. Figo zikishindwa kazi, protini hizo na vipande vyake hurundikana.

Chukua mfano wa ofisa anayehesabu askari waliosafiri katika malori yaliyofunikwa turubai. Akihesabu walio nje tu, ataandika kwamba kikosi ni pungufu, kumbe wengi wamo ndani. Ndivyo vipimo vingi vya zamani vilivyokosea: vilionyesha kwamba wagonjwa wa figo wana IGF-1 kidogo sana, kumbe jumla yake mara nyingi ni ya kawaida. Iliyopungua ni ile iliyo huru kufanya kazi.

Kwa hiyo wataalamu hutia asidi katika sampuli ili homoni iachane na protini, yaani askari washuke. Kisha huongeza kwa wingi homoni ndugu yake, IGF-2, ijaze nafasi zote, ili walioshuka wasipande tena kabla ya kuhesabiwa.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Marekani iliruhusu mwaka 1993 watoto wa namna hii watibiwe kwa homoni ya kukua, ambayo huongeza IGF-1 hata ikazidi nguvu za protini zinazoishika.

Basi, mzazi, hakikisha mtoto anapimwa urefu kila aendapo kliniki, na utunze kadi yake. Majibu ya damu yakija, muulize daktari kwa adabu kama protini ziliondolewa kwanza. Hesabu ya uongo hupotosha tiba kuliko kukosa hesabu.