Kaseti za Arusi: Mali Bila Daftari

Wako watu katika mitaa ya Mishomoroni, na Kisauni kwa jumla, ambao hawatosheki na wimbo wa tarabu uliorekodiwa studioni. Wanautaka ule ulioimbwa arusini, usiku, mbele ya watu, pamoja na vigelegele vyake na kikohozi cha mwimbaji. Hao hubishana barazani ni arusi gani ambayo Juma Bhalo aliuimba wimbo fulani vizuri zaidi, kisha huazimana kaseti, au siku hizi hunakiliana kwa simu, ili ushahidi usikizwe. Apitaye huenda akawadhania kuwa watu wasio na kazi. Maoni yangu ni kwamba wanaifanya kazi iliyostahili kufanywa na vyuo vyetu, na kwamba wakati wa kuwasaidia unayoyoma.

Tarabu na mashine ya kunasa sauti ni marafiki wa siku nyingi. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Baadaye, hapa Mombasa, duka la Assanand likatoa santuri zake kwa nembo ya Mzuri. Hata hivyo, santuri za zamani zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, na shairi refu halikuwa na budi kukatwa. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka wa 1963, iliondoa pingamizi hilo: upande mmoja uliweza kuchukua dakika 30 au 45, na mashine yake ilibebeka hadi uwanja wa arusi. Maduka kama Mbwana Radio Service yakanakili na kuuza, na arusi ya mtaa mmoja ikasikika katika miji ambayo bwana arusi hakuwahi kuikanyaga.

Msomaji atauliza: kuna faida gani kushughulikia kanda yenye mivumo, ilhali rekodi safi ya wimbo uo huo ipo? Jibu ni kwamba huo si wimbo uo huo. Arusini mwimbaji huurudia ubeti anapotuzwa, huongeza jina la mwenye shughuli, huchelewesha kituo hadi fumbo limfikie aliyekusudiwa. Hadhira nayo hujibu, na katika jibu hilo twatambua ni mshororo upi uliochoma. Shairi lililochapwa kitabuni latuonyesha maneno. Kanda ya arusini yatuonyesha maneno yakifanya kazi.

Kwa mwanaisimu, hazina hii ina thamani nyingine. Mwaka uo huo wa 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tahajia tuliyoirithi haionyeshi baadhi ya sauti ambazo Kimvita huzitofautisha. Mwanafunzi husoma "paa" na "tembo" bila ya kujua kwamba, kinywani mwa Mmvita, paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo na paa la nyumba bila ya mpumuo. Na kwamba tembo mnyama si sawa na tembo la mnazi. Kadhalika na "mato" badala ya macho, na "mtele" badala ya mchele. Kalamu haikuyahifadhi haya yote, bali sauti ya Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, imeyahifadhi. Na ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka wa 2016, imetuwekea Kiamu, yakiwemo mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany.

Wenzetu wa mbali walilitambua jambo hili mapema. Bendi ya Grateful Dead ya Marekani, iliyoanzishwa California mwaka wa 1965, iliwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho yake, na mwaka wa 1984 ikawatengea sehemu yao maalumu ukumbini. Mashabiki wakabadilishana kanda bila ya kuuziana, huku wakiandika tarehe, ukumbi na utaratibu wa nyimbo. Matokeo yake ni kwamba onyesho la tarehe 8 Mei 1977, katika Chuo Kikuu cha Cornell, limo katika orodha ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Kilichoanza kama mapenzi ya mashabiki kimekuwa urithi wa taifa.

Sisi mapenzi tunayo. Tulichokikosa ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu kaseti zetu zina jina la mwimbaji tu. Mtunzi hatajwi, ijapokuwa wajuzi wa Mvita wafahamu kwamba nyimbo nyingi za Juma Bhalo ni tungo za Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka wa 1971. Wazee waijuao arusi ile, mwaka ule na sababu ya fumbo lile, wanapungua. Nao ukanda wenyewe hauvumilii joto na unyevu wa pwani: huota kuvu, hunata, na kila nakala ya nakala huzidi kufifia.

Kuhifadhi, hata hivyo, si kuanika hadharani. Arusi ni faragha ya watu. Katika kanda hizi zimo sauti za wanawake waliokuwa katika hafla yao wenyewe, na mafumbo yaliyowalenga majirani ambao huenda bado wa hai. Wamo pia wanamuziki na watunzi ambao haki zao hazikufutwa na wingi wa nakala. Kwa hivyo, idhini itangulie, na kanda nyingine ziwekwe kwa watafiti pekee.

Walimu wenzangu, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi wa shule ya upili hufundishwa mbinu za kukusanya fasihi simulizi; basi na apewe kanda moja, ya nyumbani kwao ikiwezekana, ainakili kutoka kaseti ya asili, aandike maneno yake kama yalivyotamkwa, kisha amwendee mzee amuulize: nani alitunga, arusi ilikuwa wapi, lini, na fumbo lilimwendea nani? Nakala moja ibaki na mwenyewe, nyingine iwekwe maktabani. Mashabiki wa Mishomoroni wameitunza sauti kwa miaka yote hii bila ya kulipwa. Lililobaki kwetu ni kuandika, na maadamu wanaojua majibu wangalipo, tuanze kwa kuwauliza.