Kijana wa Watu Tulimsubiri, Wetu Je?

Ndugu zangu, leo nina ugomvi nanyi. Na ili msije mkasema nasuta wengine, nitaanza na nyumba yangu.

Mwaka 2019 mimi na mke wangu tulikubaliwa na halmashauri ya mji tunaoishi hapa Uingereza kuwa walezi wa watoto walioingia nchini bila wazazi. Baada ya miezi ya kuhojiwa na kukaguliwa nyumba chumba kwa chumba, tuliletewa kijana wa miaka 15 kutoka Afghanistan. Alifika usiku na mfuko mmoja wa plastiki. Yeye alijua Kidari, sisi tunajua Kiswahili na Kiingereza. Mkalimani alipatikana kwa simu, tena kwa miadi, na hakuna miadi ya saa nane za usiku mtoto anaposhtuka usingizini akilia.

Basi tukajifunza kusubiri. Asubuhi ya pili alishika sabuni akasema "sabun". Mke wangu akaruka kwa furaha: "Sabuni! Ndiyo, mwanangu, sabuni!" Kufikia mwisho wa wiki tulikuwa tumekusanya kitabu, kalamu, dunia, wakati na chai. Habari kwao ni khabar, msafiri ni musafir, rangi ni rang. Wala si muujiza. Kiarabu kimepita kwao kikapita na kwetu, na Kiajemi nacho kilifika pwani yetu pamoja na wafanyabiashara wa majahazi. Maneno hayo machache yalitosha kuanzia. Yaliyobaki tuliyasema kwa mikono, kwa michoro na kwa sahani ya pilau.

Jioni moja akatamka sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili: "Mimi nakula chai." Tukampigia makofi. Baadaye nikaja kujua kwamba kwa Kidari kitenzi kimoja hutumika kwa kula na kunywa, kwa hiyo kosa lake lilikuwa na akili ndani yake. Lakini hata kabla ya kujua hayo, hakuna aliyemcheka.

Mezani alikuwapo pia mwanangu wa kumzaa, wakati huo ana miaka 17. Alinitazama akasema, kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha pekee niliyompa: "Baba, mimi nilipokosea mlicheka." Akainuka, akapanda chumbani kwake.

Alisema kweli. Mwaka 2006, alipokuwa na miaka minne, mwalimu mmoja alitushauri tuzungumze naye Kiingereza tu nyumbani, tusimchanganye. Mimi mhandisi wa umeme, mwenye shahada ya ughaibuni, nisiyekubali waya upitishwe umeme kabla haujapimwa, nilikubali maneno yale bila swali hata moja. Na mtoto alipojaribu mwenyewe, kwenye harusi zetu, kusema "nataka kuenda choo", wajomba waliangua kicheko: "Mzungu huyo!" Nami nikacheka nao. Akafunga mdomo, hakuufungua tena.

Hapo ndipo ugomvi wangu nanyi ulipo. Nimekaa kwenye sebule zenu. Nawasikia mkisema: "Watoto wa huku hawataki Kiswahili." Hawataki, au tumewavunja moyo? Mgeni akikosea tunasema anajitahidi. Wetu akikosea tunasema amepotea. Kosa ni lile lile.

Mtasema shule ndiyo iliyotukataza. Shule haikai jikoni kwenu. Wahindi na Wapolandi waliopokea ushauri kama huo wako wengi ambao hawakuufuata, na watoto wao wanafaulu mitihani ya Kiingereza kama wetu. Mtasema hakuna muda, tunafanya kazi za zamu. Mke wangu naye anafanya kazi za zamu, na kijana wa watu alimpatia muda. Mtasema Kiswahili hakina kazi huku. Mbona basi, tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kuwa tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tunavaa khanga na vikoi tukasoma hotuba, huku watoto wetu wamekaa nyuma na simu zao, hawaelewi tunashangilia nini?

Nikupeni mfano wa kazi yangu. Ndani ya transfoma mna koili mbili zisizogusana, na bado umeme wa moja huamsha umeme katika nyingine. Ila kuna sharti: mkondo lazima uwe wa kwenda na kurudi. Ukipitisha mkondo usiobadilika, wa upande mmoja, upande wa pili hupati kitu. Kwa mgeni wangu nilikwenda na kurudi. Kwa mwanangu nilipitisha amri tu, tena kwa Kiingereza cha kuazima: soma, kula, lala.

Mama yangu, aliyekuwa Tanga, alipiga simu siku moja na yule kijana akapokea. "Asalaam alaykum." "Waalaykum salaam." "Salama, mjukuu wangu?" "Salama, bibi. Nakula chai." Mama alicheka hadi akakohoa, akamwombea dua. Kisha akaomba kusema na mjukuu wake wa damu. Huyo alisema "Hello, Bibi", akanirudishia simu.

Mama alifariki mwaka 2022. Tulikwenda wote. Mwanangu alisimama katikati ya msiba, watu wanampa pole kwa zamu, naye hakujua la kuitikia. Alikuwa na miaka 20. Aibu ile haikuwa yake.

Sasa yeye na mimi tunakula pamoja kila Jumapili, kwa Kiswahili tu, na mtu akikosea tunangoja amalize. Yule kijana, ambaye alitimiza miaka 21 mwaka 2025 na kuhamia kwake, huja pia na huwasahihisha wote wawili, baba na mwana.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, ila sisi tulichelewa kupona. Nyinyi ambao watoto wenu bado wana bibi wa kupokea simu, msichelewe.