Kiota cha Nyigu si Kazi ya Watoto

Katika nyumba nyingi kiota cha nyigu kikionekana darini, vijana hutumwa kukichoma kwa mwenge au mafuta ya taa. Sisi tunasema desturi hiyo ikome. Nyuki wa asali akiuma huacha mwiba mwilini na kufa. Nyigu huuma tena na tena. Moto nao waweza kuunguza nyumba nzima. Afadhali majirani wachange fedha, wamlipe mtu mwenye ujuzi, dawa na mavazi ya kujikinga. Kiota kilicho mbali na watu kiachwe, kwani nyigu hula viwavi shambani. Aliyeumwa akivimba midomo au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Fedha hutafutwa, uhai haununuliwi.