Fundi Asiyepima Asilipwe

Nitasema, na wenye watakasirika wakasirike: wengi wanaoambiwa "bodi imeungua" bodi yao ni nzima kabisa. Shida yao ni kwamba aliyeiangalia hakupima kitu.

Hebu tuhesabu pamoja. Kompyuta ya mezani ukijiungia mwenyewe ina vitu vichache tu. Pawa saplai, bodi kuu, prosesa na feni yake, ramu, diski, pengine kadi ya picha, na kasha lenye kitufe cha kuwashia. Saba. Ikizima ghafla, mshukiwa ni mmoja kati ya hao saba, ama waya zinazowaunganisha, ama soketi ya ukutani. Sasa nielezeni wasee, inawezekanaje mtu aiangalie dakika mbili, hajafungua hata upande mmoja wa kasha, na tayari ametoa hukumu ya kunyongwa?

Kuna jirani yangu anahariri video za harusi. Mwezi uliopita stima ilipotea, ikarudi, mashine ikagoma. Bonyeza kitufe, kimya. Akaibeba kwa matatu hadi tauni, na kwenye duka moja akaambiwa bodi imeenda. Tena akaambiwa bodi kama yake hazipatikani siku hizi, kwa hivyo abadilishe na prosesa na ramu, maana bodi mpya zinakula DDR5 na yake ilikuwa DDR4. Jumla Sh35,000. Na harusi ya watu iko ndani ya diski, bwana harusi anapiga simu kila saa. Jamaa alikuwa ashaanza kukopa.

Tuliipima mezani kwangu. Kwanza soketi: tukachomeka taa, ikawaka. Halafu swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai yenyewe, maana hiyo imewahi kutesa watu wiki nzima. Iko sawa. Tukachomoa waya zote kutoka kwa bodi, tukaacha pawa saplai peke yake kwa stima. Kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 kuna waya wa zambarau. Huo unatakiwa kuwa na volti 5 wakati wote, hata mashine ikiwa imezimwa, kwa sababu ndio unaoiwezesha bodi kusikia kitufe kikibonyezwa. Tukaweka multimita, mguu mweusi kwa waya mweusi, mwekundu kwa zambarau. Sufuri. Tukabadilisha kebo ya ukutani, bado sufuri. Tukachomeka pawa saplai ya mashine yangu kwa bodi yake ile "iliyoungua", na ikawaka mara moja, harusi yote iko ndani. Ilichukua nusu saa. Pawa saplai mpya ilimtoka elfu sita na kitu.

Multimita yenyewe unapata chini ya elfu moja. Manze, hiyo ni bei ya kuku na chipsi za watu wawili.

Na si ati hii ni elimu ya siri. Kama zambarau ina volti 5, unaunganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, na pawa saplai inatakiwa iamke bila bodi. (Kama waya zako zote ni nyeusi usibahatishe rangi, tafuta mchoro wa pini 24 uhesabu.) Lakini feni kuzunguka haitoshi, na hapo ndipo mafundi wengi huachia. Pima. Laini ya volti 12 inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo, hata feni ikizunguka kama helikopta, hiyo pawa saplai ni mgonjwa. Jambo moja tu nakukataza: usiifungue yenyewe. Kapasita za ndani hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa, na hii nchi stima yetu ni volti 240.

Pawa saplai ikipita mtihani, geukia kitufe. Kitufe cha kasha cha bei rahisi huharibika kuliko bodi. Chomoa waya wake, gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi sekunde moja. Ikiwaka, umeokoa maelfu. Isipowaka, toa bodi nje ya kasha, ilaze juu ya katoni, bakisha prosesa, feni yake na kipande kimoja cha ramu, ujaribu tena. Ikiwaka juu ya katoni, basi kuna skrubu ama chuma ndani ya kasha kilichokuwa kinaipiga shoti.

Mashine inayowaka feni bila picha ni ugonjwa mwingine kabisa. Hapo anza na ramu, kipande kimoja kimoja. Bodi nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo za kukuonyesha imekwama wapi: prosesa, ramu, kadi ya picha au diski. Taa inakuonyesha, na bado mtu anakuuzia bodi! Na kabla ya yote angalia kebo ya skrini imeingia wapi. Kama una prosesa ya Intel yenye F mwishoni, tuseme i5-12400F, hiyo haina picha yake. Ukichomeka skrini kwa bodi badala ya kadi, utaona giza hadi Yesu arudi.

Najua mafundi watanijia kwa komenti. Watasema wateja wenyewe ndio shida, na hapo wana haki. Sisi ndio tulizoea kwamba "kuangalia ni bure". Mtu anakaa saa nzima na mashine yako, anapata ni waya umelegea, unamwambia asante buda unaenda. Atakula asante? Kwa hivyo amejifunza kwamba hela iko kwa kuuza kipuri, na bodi ndiyo kipuri chenye hela. Tumemlipa kwa kubahatisha miaka hii yote, halafu tunashangaa anabahatisha.

Na kuna hii nyingine yetu sisi vijana. Unanunua kadi ya picha ya elfu arobaini na ramu zenye taa za disko, halafu stima ya hayo yote inatoka kwa pawa saplai isiyo na jina iliyokuja bure ndani ya kasha. Unajua stima ya mtaa wenu inavyopotea na kurudi!

Basi kubaliana na fundi kabla hajagusa kitu. Mpe mia tano ya kupima, hata kama hatapata chochote cha kuuza. Muulize zambarau ilisoma volti ngapi na 12 ilisoma ngapi, na alijaribu na pawa saplai gani nyingine. Akisema bodi imekufa, mwambie aichomeke mbele yako na pawa saplai nzima. Akikataa, beba mashine yako. Na ukibadilishiwa chochote, kile cha zamani kirudi nyumbani nawe, ndani ya mfuko, hata kama anakuambia hakina kazi.