Sungura Sio wa Kupiga Picha Tu

Jana niliposti nikipika sungura, mkanitusi usiku mzima. "Woi, kadogo hivyo utakakula aje?" Kwani kuku wa Krismasi alikupa ruhusa? Na ni wewe huyo huyo unakula smokie pasua pale steji bila kuuliza ni nyama gani.

Mjomba wangu alijaza vizimba juu aliambiwa sungura wana soko. Mimba ni mwezi mmoja tu, wakazaana, wanunuzi hawakuja. Hiyo soko ilikuwa mimi na wewe, na sisi tulikuwa bize kusema ni kazuri.

Eti nyama ni kavu. Haina mafuta mengi, kwa hivyo ukiichoma kama mbuzi lazima ikauke! Kaanga vipande vishike rangi, weka kitunguu, nyanya, karoti na maji, funika, moto mdogo saa moja na nusu hivi. Kanda unga kama wa mandazi, bila sukari, ulegee kidogo, udondoshe matonge juu ya mchuzi dakika 15 za mwisho. Usifunue sufuria. Mvuke ndio unayaivisha.

Mjomba amebakisha wanne. Jumamosi nachukua wawili, na nitalipa bei kamili, sio ya familia.