Sheria Inawataka Walale, Kengele Inawaamsha

Kila bweni linapoteketea nchini Kenya, maneno hufuata mkondo uleule. Waziri hutangaza uchunguzi, wazazi hulaumiwa kwa malezi mabovu na watoto kwa dawa za kulevya, kisha mtu huibuka kwenye runinga akitaka viboko virudishwe shuleni. Tangu moto wa shule ya Bombolulu mwaka 1998, walikokufa wasichana 26, hadi Kyanguli mwaka 2001, walikoangamia wavulana 67, hadi Shule ya Wasichana ya Moi jijini Nairobi mwaka 2017, tumebobea katika kuzungumzia nidhamu, vyuma vya madirishani na milango inayofunguka kwa ndani. Mambo hayo yana uzito, na aliyewahi kuona bweni lenye dirisha la vyuma hahitaji kuelezwa. Lakini ipo karatasi moja iliyobandikwa ukutani katika kila shule ya bweni ambayo haipati mjadala huo, nayo ni ratiba ya wiki. Naamini kwamba utulivu wa mwanafunzi wa sekondari ya umma, pamoja na afya yake ya akili, huamuliwa na karatasi hiyo muda mrefu kabla hajafika kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Na ndani ya karatasi hiyo, kilichoharibika zaidi ni usingizi.

Sheria haina kigugumizi juu ya jambo hili. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Baada ya hapo ni michezo na vyama, hadi saa kumi na moja kasorobo. Kwa shule za bweni, prepu, yaani muda wa kujisomea, huanza saa moja na nusu na kwisha saa tatu na nusu usiku, na kutoka hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi mwanafunzi anatakiwa awe kitandani. Huo ni muda wa saa nane na nusu, unaolingana na ushauri wa madaktari wa usingizi wa Marekani waliokubaliana mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kati ya saa nane na saa kumi kwa siku. Sasa chukua shule inayozima taa saa nne na nusu usiku na kupiga kengele saa kumi alfajiri, na shule za namna hiyo hazitafutwi kwa tochi. Mwanafunzi wake analala kwa saa tano na nusu. Amepunjwa saa tatu kila usiku. Kwa siku sita za wiki, hizo ni saa 18, na kwa muhula wa wiki 13 ni saa 234, yaani karibu siku kumi nzima, usiku na mchana. Mwenye duka akipunguza mizani kiasi hicho tunampeleka kituoni.

Mwili wa kijana una mapigo yake, na haujali kengele ya nani. Anapobalehe, melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mtoto. Ndiyo maana kumwambia alale mapema ili afidie alfajiri yake hakusaidii sana: atajilaza, lakini usingizi hautamjia kwa amri ya kiranja. Anapoamshwa saa kumi, anakatiwa sehemu ya usiku ambayo ubongo wake unaihitaji ili kuhifadhi yale aliyofundishwa mchana. Mjini Seattle, Marekani, shule za sekondari za umma zilisogeza mwanzo wa masomo mwaka 2016 kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafuatilia wanafunzi wa shule mbili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yakaonyesha kwamba walilala dakika 34 zaidi kila usiku, na alama zao darasani zikapanda. Wengi walitarajia vijana wangechukua nafasi hiyo kukesha zaidi, lakini haikuwa hivyo. Najua Seattle si Siaya. Melatonini, hata hivyo, haina uraia.

Ikiwa sheria iko wazi na mwili uko wazi, nani anaipiga ile kengele? Ni rahisi kumwelekezea mwalimu mkuu kidole, lakini yeye mwenyewe anaishi chini ya kengele nyingine, ile ya wastani wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wastani ukishuka, Januari inaweza kumkuta nje ya lango la shule yake, wazazi wameweka kufuli na mwanasiasa wa eneo hilo ameshika kipaza sauti. Serikali ilipiga marufuku kuzipanga shule kwa matokeo mwaka 2014, ila orodha haikufa. Ilihamia kwenye mabango ya barabarani, kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na, tukubali, kwenye kurasa zetu sisi wa magazeti. Katika hali hiyo, saa ya alfajiri ndiyo bidhaa ya pekee ambayo mwalimu mkuu anaweza kuiongeza bila kuomba bajeti. Hawezi kujenga maabara kwa muhula mmoja, wala kuajiri mwalimu wa fizikia, lakini anaweza kuwaamsha wanafunzi 900 saa moja mapema na mzazi akaiona taa ikiwaka darasani na kuridhika. Mahali pengine mzazi huyohuyo hulipia taa hiyo, kwa pesa za tuisheni au za motisha ya walimu, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni za likizo.

Utetezi mzito zaidi wa kengele ya alfajiri ni kwamba shule zinazoongoza nchini ndizo zinazoamka mapema zaidi, na matokeo yanajieleza. Kwa kweli hayajielezi hata kidogo. Shule za kitaifa kwa miaka mingi zilipokea waliopata alama za juu kabisa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mtoto aliyekuja na alama hizo angefanya vyema karibu popote. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Waliwalinganisha wanafunzi waliopenya kwa alama chache kuingia shule hizo na wale waliozikosa kwa alama chache, watoto ambao kwa uwezo ni kana kwamba ni mapacha. Hawakupata ushahidi kwamba kuingia katika shule hizo kuliongeza alama za KCSE. Utafiti huo haukuhusu usingizi, na wale waliokosa nafasi huenda nao waliamshwa gizani kwingineko. Lakini unavunja uti wa mgongo wa hoja yenyewe: ikiwa jina la shule, walimu wake na vifaa vyake vyote havikuonekana kwenye alama, kwa mantiki gani tunaipa sifa kengele ya saa kumi?

Wengine husema kijana asiposhughulishwa atatafuta maovu. Hofu hii ndiyo imeijaza wiki nzima. Jumamosi asubuhi ni darasa au mtihani, mchana ni kufua na usafi wa mabweni, jioni burudani ikibahatika, na Jumapili baada ya ibada kuna prepu tena. Mchezo wa alasiri, ambao kanuni zimeutengea zaidi ya saa nzima kila siku, humezwa na kipindi cha marudio, na wanaobaki uwanjani ni wachezaji wa timu ya shule. Tatizo ni kwamba historia haiungi mkono hofu hiyo. Mwaka 2016, muhula wa pili ulirefushwa na wa tatu ukafupishwa, na katika muhula wa tatu wazazi wakakatazwa kutembelea shule ili kuzuia wizi wa mtihani. Zaidi ya shule 100 zilichomwa mwaka huo. Sidai kwamba uchovu ndio uliowasha kiberiti. Visa hivi vina sababu nyingi, na vifo vya watoto haviwezi kuelezwa kwa sentensi moja. Hata hivyo, Elizabeth Cooper, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu kizima juu ya moto katika shule za Kenya, anaonyesha kwamba wanafunzi wamejifunza kuwa moto husikika pale ambapo mdomo haukusikika. Na tazama kinachofuata baada ya moto: shule hufungwa, watoto hupelekwa nyumbani kwa wiki moja au mbili. Hata pasipokuwa na aliyekusudia hivyo, tumewafundisha kwamba ratiba isiyo na kituo ina kituo kimoja.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa wazazi maskini. Wao husema shule ina taa na nyumbani hakuna, kwa hiyo kila saa ya shule ni faida, na anayezungumzia usingizi ni mtu aliyeshiba. Wana haki ya kudai taa. Lakini kanuni zilezile tayari zinampa mtoto wao saa mbili za prepu chini ya taa hiyo kila usiku, baada ya siku nzima ya masomo. Wingi wa masomo nao hautoshi kuwa kisingizio. Mtaala mpya wa sekondari ya juu, uliowapokea wanafunzi wa Gredi ya 10 Januari 2026, una vipindi 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Jumla yake haifiki saa 27, ilhali muda halali wa darasa, saa mbili hadi saa tisa na nusu, ni saa 37 na nusu kwa wiki. Ukitoa mapumziko na chakula cha mchana, bado kila kipindi kinaenea mchana wa jua. Kinachokosekana mara nyingi ni mwalimu wa kukifundisha kipindi hicho saa nne asubuhi, na pengo hilo haliwezi kuzibwa na mwanafunzi anayesinzia juu ya kitabu saa kumi na moja alfajiri bila mwalimu yeyote mbele yake.

Kwa hiyo hatuhitaji tume nyingine, wala sheria mpya. Kila shule ya umma ibandike ratiba yake halisi langoni, ile inayofuatwa, ikiwa na saa ya kuzima taa na saa ya kengele, ili mzazi anayeleta karo aisome kabla hajaingia ofisini. Bodi ya usimamizi iitie sahihi, ili mwalimu mkuu asibebe peke yake lawama ya kuwaacha watoto walale. Gredi ya 10 ndiyo mahali pa kuanzia, kwa kuwa hakuna wastani wa miaka iliyopita wa kuutetea. Kisha maafisa wa ubora na viwango, ambao ziara zao huwa za mchana wakati madaftari yamepangwa na nyasi zimefyekwa, wabadilishe saa. Afisa akisimama nje ya lango kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja alfajiri atasikia mwenyewe kama kengele imelia. Gharama yake ni mafuta ya gari, na afisa mmoja aliye tayari kuamka saa ile ambayo mtoto wa miaka 15 huamshwa kila siku.